Fundi yupo, brashi hakuna: jibu kwa mwalimu wa sanaa wa Newala

Swali la msomaji: "Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari huku Newala, Mtwara. Niliona filamu fupi ya fundi wa Japani anayepaka bakuli za mbao utomvu uitwao urushi. Alisema hofu yake kubwa ni kukosa brashi, kuliko hata kukosa wanafunzi, na kwamba utomvu wenyewe unapatikana kwa taabu. Je, ni kweli, au alikuwa anavutia watazamaji? Nchi yenye viwanda vyote vile inakosaje brashi? Serikali yao inafanya nini? Na je, kuna lolote la kazi hizo ninaloweza kuwafanyisha wanafunzi wangu kwa mikono yao?"

Jibu:

Mwalimu, ni kweli tupu, huyo fundi hakutia chumvi. Kazi yangu ni uhifadhi wa vitu vya kale, na kwa watu wa urushi habari ya brashi haikosekani kila wakikutana. Mtu wa nje akisikia sanaa fulani ya Japani iko hatarini, hudhani vijana wameikimbia. Wapo waliokimbia. Lakini wapo pia vijana waliokwenda miji ya ufundi kama Wajima au Kyoto, wakasota miaka kwa mwalimu wao, wakaiva, kisha wakakuta mtu aliyekuwa akimtengenezea mwalimu wao kisu, brashi au gundi amefunga karakana na hana mrithi. Kazi hizi huanza kufa kwa nyuma, upande wa watu ambao majina yao hayaandikwi kwenye bakuli.

Nianze na hiyo brashi uliyoiona. Wenyewe huiita urushibake, na hutengenezwa kwa nywele za binadamu. Zinatakiwa nywele ndefu, zilizonyooka, zisizowahi kutiwa dawa wala rangi, na kwa mitindo ya siku hizi nywele za namna hiyo zimekuwa adimu Japani. Nyingi sasa hutoka China. Fundi wa brashi huzichambua, huziondoa mafuta, huzichana zote zilale upande mmoja, huzigandisha kwa gundi na urushi mpaka ziwe kibao chembamba kigumu, ndipo huzibana katikati ya vipande vya mti wa hinoki. Nywele haziishii kwenye ncha. Zinaingia ndani ya mpini, na katika brashi nzuri zinafika mpaka mwisho wake. Ncha ikichakaa, mwenye brashi huuchonga mpini kama mtu anavyochonga penseli, huzipondaponda nywele mpya zilizojitokeza mpaka zilainike, na kazi inaendelea.

Utauliza kwa nini asinunue brashi ya dukani. Urushi ni nzito na inanata. Haikauki kwa kupoteza maji kama rangi za ukutani. Huganda polepole ndani ya kabati lenye unyevunyevu, wa asilimia 70 hadi 85 hivi, kwa nguvu ya kimeng'enya kilichomo kwenye utomvu wenyewe. Brashi laini haiwezi kuisukuma. Brashi ngumu huacha mistari, na mistari hiyo huonekana mara tu bakuli likiinuliwa kwenye mwanga. Unywele mmoja ukichomoka na kunasa kwenye tabaka la mwisho, fundi anasubiri tabaka lote ligande, analisugua, anaanza upya.

Sasa tazama hesabu ya mtengeneza brashi. Chombo chake kinadumu miaka na miaka, na wapakaji urushi nchini kote ni wachache. Atauza brashi ngapi kwa mwaka? Ubora wa kazi yake ndio unaompunguzia wateja. Akipandisha bei ili aishi, mpakaji kijana hamudu. Asipopandisha, mwanawe anaona maisha ya babaye, anakwenda kuajiriwa mjini. Hesabu hiyo, Mwalimu, ndiyo jibu la nusu ya swali lako, na inajirudia karibu katika kila kifaa nitakachokutajia hapa. Kiwanda kikubwa kinaweza kutengeneza brashi milioni. Hakuna kiwanda kitakachofunga mitambo kwa ajili ya brashi mia chache ambazo kila moja inataka nywele zichaguliwe kwa vidole.

Brashi za kuchorea maki-e, yaani michoro ya unga wa dhahabu juu ya urushi, hali yake ni ngumu zaidi. Zile bora zilikuwa za manyoya ya mgongoni mwa panya, na yalitakiwa manyoya yenye ncha nyembamba isiyosagika, ili mstari utoke mwembamba bila kukatika. Panya wa namna hiyo hawapatikani tena kwa urahisi, na siku hizi wachoraji wengi wanatumia manyoya ya paka.

Tuje kwenye utomvu. Zaidi ya asilimia 90 ya urushi inayotumika Japani inatoka nje, hasa China. Ile ya ndani, zaidi ya nusu yake hugemwa sehemu moja: Joboji, katika mji wa Ninohe, mkoa wa Iwate, kaskazini mwa kisiwa kikuu. Nasema hugemwa makusudi, kwa sababu kazi yenyewe ni ya ugemaji kabisa. Mgema huanza katikati ya Juni. Anaparua gome la juu kwa kisu kilichopinda, anachanja chale moja fupi ya kulala, kisha anauacha mti upumzike. Baada ya siku nne au tano anarudi kwenye mti uleule, anachanja chale nyingine juu ya ile ya kwanza, ndefu kidogo. Anaendelea hivyo mpaka Oktoba, na shina linabaki na chale zilizopangika kama pembetatu iliyosimama kwa ncha. Matone anayakomba kwa kijiko chembamba cha chuma na kuyatia kwenye kopo la gome la mti. Mti mmoja, msimu mzima, hutoa kama gramu 200, yaani kikombe kimoja cha chai. Msimu ukiisha mti hukatwa, na machipukizi ya kisikini ndiyo yanayolelewa kuwa mti mwingine. Ili ufae kugemwa mti unahitaji miaka 10 hadi 15.

Mwaka 2015 Idara ya Utamaduni ya Japani, Bunkacho, iliagiza kwamba majengo yaliyo hazina za taifa na urithi muhimu yakarabatiwe kwa urushi ya ndani, lengo likiwa utaratibu huo uwe umeenea kote ifikapo 2018. Mahitaji ya kazi hizo yalikadiriwa kuwa wastani wa tani 2.2 kwa mwaka. Mwaka ule wa agizo nchi nzima ilikuwa ikitoa tani moja na kidogo. Piga hesabu pamoja nami: tani 2.2 kwa gramu 200 kila mti ni miti 11,000 inayogemwa na kukatwa kila mwaka. Kama kila mti unasubiriwa miaka 15, basi inatakiwa misitu yenye miti 165,000 ya umri tofauti tofauti, ikipaliliwa, ikilindwa dhidi ya wanyama na magugu, na mwenye shamba asione senti mpaka mwaka wa kumi na kitu. Agizo linaandikwa kwa siku moja. Mti hauna haraka.

Hata hivyo mimi naliona agizo lile kuwa miongoni mwa maamuzi bora waliyowahi kufanya, kwa sababu lilimpa mgema kitu ambacho ruzuku haimpi: mnunuzi wa uhakika. Vijana walianza kujitokeza Joboji kujifunza ugemaji, miche ikapandwa, na miaka michache baadaye uzalishaji ukakaribia tani 2. Ubaya wake ni kwamba mahekalu yalipopewa kipaumbele, mpakaji bakuli wa kawaida alijikuta mwishoni mwa foleni, na urushi ya ndani ina bei mara kadhaa ya ile ya China. Wengi hupaka matabaka ya chini kwa urushi ya China, na ya ndani wanaitunza kwa tabaka la mwisho.

Nimetaja kisu cha mgema. Hicho cha kuchanjia huitwa kanna, na kina ncha mbili: moja inachimba mfereji, nyingine inapasua ndani ya mfereji huo kwa kina kisichofika kwenye mbao. Ukikosea kina, ama utomvu hautoki, ama mti unaumia kabla ya msimu kwisha. Kwa miaka mingi kanna za wagema wa Japani yote zimekuwa zikitegemea karakana ya mhunzi mmoja katika wilaya ya Sannohe, mkoa wa Aomori. Hebu lifikirie hilo. Milango ya mahekalu ya Nikko iliyopakwa urushi ya Joboji, mamilioni ya fedha za serikali, wasomi na wasanifu majengo, vyote hivyo vinapita kwenye nyundo ya mtu mmoja. Wagema wenyewe ni makumi tu, basi hata akiwauzia wote, hawezi kuishi kwa kanna peke yake. Mhunzi wa namna hiyo hubaki kazini kwa sababu anafua na vifaa vingine, na kwa sababu moyo wake unakataa kuwaacha.

Karatasi nayo ina kisa chake, na hiki kitakufaa darasani. Karatasi ya mkono ya Japani, washi, hutokana na gome la ndani la kozo, mti wa jamii moja na mforosadi. UNESCO iliuingiza ufundi huo kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014 kwa aina tatu za karatasi: ya Hosokawa, ya Mino na ya Sekishu. Watu wengi wanajua kuhusu kozo. Wachache wanajua kwamba bila ute wa mmea mwingine karatasi hiyo haitoki. Mmea wenyewe unaitwa tororo-aoi, ndugu wa damu kabisa wa bamia. Mizizi yake hupondwa na kulowekwa, ikatoa ute unaotiwa kwenye pipa la maji na nyuzi. Ute huo huzizuia nyuzi zisizame wala zisigandamane, hupunguza kasi ya maji kuchuja, na humpa fundi muda wa kutikisa fremu mbele na nyuma mpaka nyuzi zisukane. Kuna jambo jingine ambalo hata mimi bado linanishangaza: shuka mbichi za karatasi hurundikwa moja juu ya nyingine, mamia, bila kitambaa katikati, na kesho yake zinabanduka moja moja bila kuchanika.

Sehemu kubwa ya tororo-aoi inayotumika na watengeneza karatasi ililimwa na kaya chache tu za Omitama, mkoa wa Ibaraki. Ni kilimo cha mkono: kupalilia, kukata vikonyo vya maua ili nguvu ishuke mzizini, kuchimba, kuosha. Mwaka 2019 wakulima hao, wengi wao wazee, walitangaza kwamba wanakusudia kuacha. Tangazo hilo liliwashtua watengeneza karatasi kote nchini, na baadhi yao walianza kulima wenyewe pembeni mwa karakana. Upo ute wa kiwandani, na wapo wanaoutumia. Wanaoukataa wanasema nyuzi hazitulii vilevile, na kwa karatasi nyembamba sana tofauti inaonekana.

Zipo karatasi za kozo kutoka mkoa wa Kochi zenye unene wa sehemu mbili tu kwa mia za milimita na uzito wa gramu 2 hivi kwa mita ya mraba. Sisi wahifadhi wa nyaraka duniani kote tunazitegemea. Mswada wa zamani wa utenzi ukichanika, uwe umehifadhiwa London au Unguja, mhifadhi aliyesomea kazi yake atatafuta karatasi ya kozo ya kuubandikia. Kwa hiyo wakulima wale wazee wa Ibaraki wanatuhusu na sisi, ingawa hawatujui.

Kisha fremu. Karatasi huchotwa kwa chekeche iitwayo su, iliyofumwa kwa vijiti vya mwanzi vilivyochongwa mpaka vikawa vyembamba kuliko milimita moja, vikaunganishwa ncha kwa ncha na kushonwa kwa uzi wa hariri. Anayechonga vijiti mara nyingi ni mtu mmoja, anayefuma ni mwingine, na anayetengeneza fremu ya mbao ni wa tatu. Mmoja akifariki bila mrithi, wawili waliobaki hawana la kufanya. Na uzi wa hariri je? Mnamo mwaka 1930 Japani ilivuna takriban tani 400,000 za vifuko vya viwavi wa hariri, na kiwanda cha Tomioka kilichofunguliwa 1872 kilikuwa kimeshaifundisha nchi nzima kusokota kwa mashine. Siku hizi mavuno hayafiki tani 50, kutoka kwa kaya zisizofika 200. Hariri nyingine zote zinaagizwa.

Kuagiza si aibu, na wakati mwingine ni suluhisho zuri. Noti za Japani zina nyuzi za mitsumata, kichaka ambacho wakulima wa Japani wanazidi kukiacha. Siku hizi sehemu kubwa ya mitsumata ya noti inatoka milimani Nepal, na noti mpya zilizotolewa Julai 2024 zimetegemea wakulima hao. Kwa karatasi ya fedha utaratibu huo unafanya kazi kwa sababu mnunuzi ni mmoja, ni mkubwa, na ananunua kila mwaka. Fundi wa karakana ya watu wawili hawezi kwenda Nepal kufundisha kijiji.

Vingine nitavipitia mbiombio. Mkaa wa kusugulia urushi, unaochomwa kutokana na mti wa aburagiri mkoani Fukui, una wachomaji wa kuhesabu kwa vidole. Vinoo vya asili vya vilima vya Kyoto vimekuwa ghali kwa kuwa machimbo mengi yalifungwa. Hata kusugua vitana vya mbao kwa majani makavu ya muku, kama maseremala wa pwani yetu walivyotumia majani ya msasa, kunahitaji mtu wa kuyachuma na kuyakausha kwa wakati wake. Na tetemeko la Noto la tarehe 1 Januari 2024 liliupiga mji wa Wajima ambako bakuli moja hupita mikononi mwa mafundi wengi kabla ya kumalizika. Karakana ya mchonga bakuli ikianguka, mpakaji ambaye nyumba yake imesalimika naye anakaa bure.

Umeuliza kuhusu serikali. Ziko sheria mbili kubwa. Ya kwanza ni ya mwaka 1974, chini ya wizara ya viwanda, inayotambua bidhaa za jadi: ufundi uwe umedumu miaka 100 hivi, na malighafi kuu ziwe zilezile zilizotumika tangu zamani. Bidhaa zaidi ya 240 zimetambuliwa hivyo. Ya pili, ambayo mimi naiheshimu zaidi, ni marekebisho ya mwaka 1975 ya sheria ya kulinda urithi wa utamaduni. Marekebisho hayo yalianzisha utaratibu wa kuteua ufundi ulio nyuma ya ufundi: mhunzi wa kanna, mfumaji wa chekeche, mgema, mchomaji mkaa, mbanduaji magome ya hinoki ya kuezekea mahekalu. Wateule hupewa fedha za kufundisha warithi na kuboresha ujuzi wao. Nchi nyingi humtuza msanii jukwaani. Wachache waliofikiri kumlipa anayemtengenezea ngoma. Tangu mwaka wa fedha 2022 Bunkacho ina mpango wa miaka mitano wa kuongeza nguvu upande huo huo wa vifaa na malighafi.

Bado kuna pengo. Uteuzi unamfikia mtu baada ya ufundi wake kuonekana uko hatarini, na wakati huo mara nyingi ana umri mkubwa. Mwanafunzi anahitaji miaka kumi, mwalimu hana hakika ya miaka kumi. Halafu fedha za mafunzo huisha, na mwanafunzi aliyeiva anakutana na hesabu ileile ya brashi: wateja wachache, chombo kinachodumu. Kwa maoni yangu ruzuku isiyoambatana na ununuzi wa kila mwaka huzalisha mahodari wasio na kazi.

Mfano ninaoupenda ni wa chuma cha panga, tamahagane. Chuma hicho huyeyushwa kutoka mchanga wa chuma na mkaa, kwa namna ambayo wazee wa Ufipa waliosimamia matanuru yao wangeielewa mara moja. Tanuru za Japani zilizimika baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1977 chama cha kuhifadhi panga za kisanaa kiliwasha tena tanuru huko Okuizumo, mkoa wa Shimane. Huwashwa majira ya baridi, kila uyeyushaji ni siku tatu usiku na mchana bila kulala, na chuma kinachopatikana kinagawiwa kwa wafua panga nchini kote. Wafua panga hawakusubiri soko lilete chuma. Chama chao kinamiliki tanuru, kinafundisha wasimamizi wake, na kinajua kila mwaka nani atahitaji kilo ngapi. Wapakaji urushi na watengeneza karatasi wameanza kuelekea huko, taratibu.

Lazima niseme pia kwamba si kila malighafi inastahili kuokolewa. Kibao cha kupigia zeze la shamisen, vidaraja vya zeze la koto na vifuniko vya makopo ya chai vilitengenezwa kwa pembe za ndovu. Katika miaka ya 1980 Japani ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa pembe duniani, na nyingi ziliishia kwenye mihuri ya majina, wala si kwenye muziki. Sisi tunajua zilitoka wapi. Julai 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe mbele ya dunia, na mwaka huohuo nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikubaliana kupiga marufuku biashara hiyo. Japani iliruhusiwa baadaye kununua shehena mbili kutoka kusini mwa Afrika, mwaka 1999 na 2008, na mpaka leo ina soko la ndani la akiba ya zamani. Wapo wanamuziki wanaosema plastiki haishiki jasho kama pembe. Nawaamini. Lakini mpiga shamisen ana njia nyingine, ndovu hana, na watafiti wa vifaa mbadala wangepaswa kupewa fedha zile zile wanazopewa wafundishaji.

Kuhusu mbadala kuna habari itakayowafurahisha watu wa Newala. Mti wa urushi ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Kile kinachowababua mikono wabanguaji wa korosho kwenu ni ndugu wa karibu wa kile kinachowatoa upele wapakaji urushi. Wajapani waliliona hilo, na tangu katikati ya karne iliyopita wanatengeneza rangi kutokana na mafuta ya maganda ya korosho. Wanaiita kashu. Inang'aa karibu kama urushi, haihitaji kabati la unyevu, na ni rahisi zaidi; hupakwa kwenye samani, fimbo za kuvulia samaki na madhabahu za nyumbani. Mjuzi hawezi kuichanganya na urushi. Lakini imewapa wapakaji wengi chakula, na imepunguza mzigo juu ya miti michache iliyobaki.

Sasa darasa lako. Usiagize urushi mbichi, nakuomba. Upele wake huwasha wiki mbili na huweza kumvimbisha mtoto uso mzima. Usiwape mafuta ya korosho pia, kwa sababu hiyohiyo. Wafanyishe karatasi, kwa sababu bamia unayo.

Tafuta matawi ya mforosadi ya mwaka mmoja. Ukikosa, tumia nyuzi za mgomba. Bandua gome, paruza sehemu nyeusi ya juu ubaki na ile nyeupe, chemsha kwenye maji ya majivu yaliyochujwa mpaka nyuzi zikatike ukizivuta kwa vidole viwili. Maji hayo yanachoma, basi kuchemsha na kusuuza fanya mwenyewe, wanafunzi wakae mbali. Suuza mpaka maji yatoke safi, kisha wape wazipondeponde kwa vigongo juu ya ubao mpaka zikitiwa kwenye glasi ya maji zitawanyike kama wingu. Jioni ya kuamkia kipindi kata bamia vipande, loweka kwenye maji baridi usiku kucha, chuja kwa kitambaa bila kuzikamua kwa nguvu. Ute huo huharibika kwa joto, kwa hiyo fanya kipindi cha kwanza asubuhi. Tia nyuzi kwenye beseni la maji, ongeza ute kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka maji yateleze kwenye vidole, chota kwa fremu yenye chandarua cha nailoni, tikisa mbele na nyuma.

Chota pia shuka moja kutoka beseni la pili lisilo na bamia, uziweke mbili pamoja kwenye kioo cha dirisha zikauke. Ile isiyo na ute itakuwa na mabonge na matundu. Wanafunzi wakishaziona zote mbili, waulize ni nani angelima bamia hizo kila mwaka kama wateja wake wangekuwa karakana tatu tu, na kwa bei gani.